Nusu, Robo, Thumni

Bi Mboja aliposikia wanajenga gofu
juu ya uwanda, nyuma ya Makunduchi,
aliuliza: "Gofu nalo hujengwa?
Gofu si nyumba iliyokwisha kufa?"
Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi,
nilikuwa nimeshapata kazi.

Udongo uliletwa kwa malori,
maana kwetu ukichimba shibiri moja tu
jembe linalia: jiwe la matumbawe,
lina matundu kama mkate wa kumimina.
Juu ya jiwe wakamwaga fusi,
juu ya fusi mchanga uliochekechwa,
na juu ya mchanga wakatandika nyasi
za kijani ambacho hapa hakikuwahi kuonekana
mwezi wa pili.

Mimi ndiye mwenye bomba.
Kila Jumatatu kabla jua halijapanda,
lita kumi na tano mgongoni, kitambaa puani,
napiga madoa ya ukungu, makubwa kama sarafu,
kisha mabuu wanaotafuna mizizi,
kisha magugu. Katika hayo magugu
umo mchunga, ambao mama alitupikia kwa nazi.

Naandika daftarini: tarehe, kipimo, upepo.
Safu ya mwisho imechapwa "Imekwisha baada ya siku",
na Ferouzi wa stoo hunijazia mwenyewe,
bila kuinua macho: ishirini na moja.

Imekwisha, imekwenda wapi?
Chini ya majani mabichi pana majani mafu,
yamefumana kama mkeka, unene wa kidole,
na dawa nyingi hupenda kulala humo.
Nyingine hupaa na joto la adhuhuri.
Nyingine huliwa na vijidudu visivyoonekana,
polepole, kama deni la dukani linavyolipwa.
Iko inayong'ang'ania udongo,
masika yaje yaende, haibanduki.
Na iko moja nyepesi, haina urafiki na mtu,
yenyewe hufuata maji.

Chuoni, Maalim Vuai alitufunza faraidhi
kwa kokoto alizozipanga sakafuni.
Mume nusu, akiwapo mtoto robo.
Mke robo, akiwapo mtoto thumni.
"Na mali haigawiwi," alisema,
"mpaka mwenyewe awe amekufa kweli."
Dawa hii nayo hufa kwa kokoto zile zile:
arubaini ikitimia, imebaki nusu;
arubaini nyingine, robo;
arubaini nyingine, thumni;
na bado kokoto ipo sakafuni.
Na kila Jumatatu naja mimi na bomba
kumfufua marehemu.

Mfunguo Pili ilinyesha usiku kucha.
Alfajiri, shimo la saba lilikuwa ziwa.
Saa mbili, halikuwa na tone.
Hakuna mfereji pale, hakuna mteremko.
Nikachutama nikayasikia maji chini ya jiwe,
yanazungumza kama wageni chumba cha pili.

Tuna rangi ya buluu, huchanganywa na dawa
ili mpigaji ajue alipokwisha kupita.
Jumatatu ile, pale shimo la saba,
nilitia kopo zima. Sikumwambia mtu.

Siku ya nne Mize alirudi kutoka pangoni,
ndoo kichwani, akaitua mbele ya mlango.
"Nani huyo," akasema, "kafulia kanzu kisimani?
Tena katia bluu!"
Akayaacha maji yatulie.
Akayachuja kwa kanga.
Akateka kikombe kimoja, akabandika chai.

Nilikwenda stoo usiku, nikafungua daftari,
nikaifuta ishirini na moja kwa mate na kidole
mpaka karatasi ikataka kutoboka.
Nikaandika mahali pake: Mize, thumni.

Asubuhi Ferouzi aliisoma mara mbili,
akaniuliza Mize ni dawa ya nini.